Mzigo mzito mpe Mnyamwezi: tuliyoambiwa kuhusu kuhamisha giaboksi, na ukweli wake

Giaboksi niliyonunua Gerezani, hapa Dar es Salaam, ilifika kwangu Tabata na kirikuu, jua likizama. Dereva alinisaidia kuishusha getini, akapokea hela yake, huyo. Kutoka getini hadi bandani ni hatua ishirini na tano hivi, nusu yake mchanga mtupu. Jirani alitoka kutazama, na kwa dakika kumi alinipa ushauri mwingi kuliko msaada. Sehemu kubwa ya ushauri huo nimeusikia kwa watu wengine pia, ndiyo maana naandika.

"Mwanaume unashindwaje kubeba hiki?" Kisha akaongeza ile methali ya Mnyamwezi. Haya, tumuulize huyo Mnyamwezi mwenyewe. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, kati ya Tabora na Bagamoyo, kwa kawaida walibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na hao walikuwa watu wa kazi. Pembe la ndovu likizidi sana hapo lilining'inizwa kwenye mti, likabebwa na wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Giaboksi ya manyuo ya gari dogo huwa na kilo 30 hadi 45. Ya otomatiki ya gari la familia mara nyingi ni 60 hadi 90, na ya Land Cruiser pamoja na kisanduku chake cha foo-wili huvuka 100. Yangu, ya otomatiki, niliipima palepale dukani, kwenye mizani ya chuma chakavu: kilo 71. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inaweka kikomo cha kilo 23 kwa mtu mmoja, tena mzigo ukiwa karibu na mwili, una pa kushika, na hujipindi. Giaboksi haina hata moja kati ya hayo.

"Chuchumaa, inuka kwa magoti, mgongo hautaguswa." Nusu ya maneno haya ni kweli. Magoti yanasaidia pale mzigo unapokaa katikati ya miguu yako, umeukumbatia kama gunia la mchele. Giaboksi ina masikio na mabomba kila upande, imejaa grisi, na huwezi kuisogeza kifuani. Basi inakaa kama sentimeta 40 mbele ya uti wa mgongo, wakati misuli inayouvuta mgongo wako iko kama sentimeta 5 tu nyuma. Hesabu ni ya wenzo: misuli inalazimika kuvuta mara nane ya uzito wa mzigo. Kwa kilo 71 hiyo ni zaidi ya 560, bado hujahesabu kiwiliwili chako. Pingili za kiuno ndizo zinazobanwa katikati. Na ule mkanda mpana unaouzwa Kariakoo? Mwaka 1994 NIOSH hao hao walisema ushahidi wa kwamba unamkinga mtu mzima wa afya haujatosha. Tena unaweza kumpa mtu ujasiri asiostahili kuwa nao.

Hapo jirani akaniambia nikijilazimisha nitapata busha. Kwetu Pwani busha limesingiziwa kila kitu, hata madafu. Sababu yake kubwa huku ni vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu. Kitu kizito kinaweza kukuletea ngiri, kwa kusukuma utumbo utokeze pale ukuta wa tumbo ulipolegea, na hilo ni jambo lingine kabisa.

"Oili imeshamwagwa, ilaze utakavyo." Hili ndilo lililokaribia kunigharimu. Giaboksi ya otomatiki ikimwagwa oili, lita kadhaa hubaki ndani ya konveta, ile sahani nono iliyo mdomoni mwa giaboksi, upande wa injini. Na konveta haifungwi na boliti yoyote upande wa giaboksi. Imechomekwa tu kwenye shafti. Ukiinamisha mdomo chini inateleza na kutoka, na ni zaidi ya kilo kumi za chuma zinazoelekea kwenye vidole vya miguu. Hata isipodondoka, ikisogea mbele kidogo tu haijakaa tena kwenye meno ya pampu. Fundi asipogundua akaifunga na injini hivyo hivyo, pampu inavunjika siku ya kwanza. Kwa hiyo kabla ya kusogeza chochote nilikata kipande cha ubao, nikakifunga kwa waya kuikinga konveta, na mdomo ukabaki umeinuka kidogo safari nzima.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, nayo haikuumbwa kukalisha uzito. Ni bati. Ikibonyea inaweza kuziba njia ya chujio, na giaboksi nzima ikaonekana mbovu kumbe ni kule kuilaza vibaya. Nilitafuta tairi kuukuu, nikaikalisha giaboksi juu yake, sampu ikaning'inia kwenye tundu la katikati.

"Weka kwenye toroli." Toroli lina gurudumu moja, na mzigo unakaa juu. Likiingia mchangani linazama, likiyumba linapinduka, na wewe utataka kulizuia kwa mkono. Nilitandaza mbao mbili ndefu kama reli, juu yake vipande vitatu vya bomba la chuma, juu ya bomba ubao mpana wenye tairi na giaboksi, vyote vimefungwa kamba. Kuipandisha nilitumia mtaimbo wa mita moja na nusu. Upande mmoja wa giaboksi una uzito wa kama kilo 35, na egemeo likiwa sentimeta 15 kutoka nchani unabonyeza kwa kilo nne tu. Unainua kidogo, unasukumia kigingi, unahamia upande wa pili. Bomba linalobaki nyuma unalirudisha mbele kwa kulisukuma na fimbo. Vidole havina kazi chini pale.

"Tundika kwenye kenchi." Kenchi za banda langu zimewekwa kubeba mabati. Basi.

Ilinichukua saa moja na robo kufika mlangoni. Mlango una kizingiti cha sentimeta 20, na hapo sikutafuta ujanja mwingine. Nilimwita jirani, tukapitisha mrunda kwenye kamba, yeye mbele mimi nyuma, tukauvuka kwa hatua tatu. Alipoushusha mti begani aliniuliza, huku akipangusa jasho, kama kweli zilikuwa kilo 71 tu.