Mgeni Anapokuwa Mwenyeji: Somo kutoka Dzaleka

Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, si mbali na Lilongwe. Enzi za Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, palikuwa gereza. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000 hivi; leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimetapakaa kambini. Yanayosemwa juu yao ni yale yale tunayoyasikia Kigoma na Nairobi: wanaleta silaha, wanatunyang'anya biashara.

Mwaka 2014, Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki wa Kikongo anayejulikana jukwaani kama Menes la Plume, naye akiwa mkimbizi, alianzisha hapo Tamasha la Tumaini. Wasanii wa kambini hupanda jukwaa moja na wa Malawi na wa nje. Wageni huja kambini, hununua chakula kwa mama lishe wa hapo, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi. Kwangu hilo la mwisho lina uzito kuliko ngoma zote. Aliyezoea kuitwa mgeni ndiye anayekaribisha, anapika na kutandika kitanda.

Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba watu wakikutana chuki hupungua, lakini kwa masharti: wawe na hadhi sawa, wawe na lengo moja, washirikiane, na wenye mamlaka waunge mkono. Kukutana pekee hakutoshi. Bosi na kibarua wake hukutana kila siku.

Ndiyo maana nina mashaka na kampeni za machozi, zile za picha ya mtoto mwenye kamasi nyuma ya seng'enge. Michango huja, sikatai. Ila anayeonewa huruma tu hubaki mzigo machoni pa anayemhurumia.

Tusiitwishe sanaa yasiyo yake, hata hivyo. Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Tamasha halikuzuia hilo. Sera ya kuwaweka watu kambini hubadilishwa na serikali na bunge.

Kwa walimu na vikundi vya sanaa vinavyotaka kuanza, tamthilia shirikishi ya Augusto Boal, Mbrazili aliyepelekwa uhamishoni mwaka 1971, haina gharama kubwa. Igizeni mwenye nyumba anayekataa kumpangisha mtu kwa sababu ya lafudhi yake. Simamisheni mchezo, kisha mtazamaji ainuke, achukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Wahamiaji na wenyeji waitunge pamoja tangu mwanzo.

Zingatieni pia kwamba mkimbizi ameshahojiwa na maofisa mara nyingi: ulitoka lini, nani alikufa, uthibitisho uko wapi. Jukwaa lisigeuke mahojiano mengine. Akitaka kuimba mapenzi au kuchekesha, na aimbe, na achekeshe. Jina na sura yake visisambazwe mtandaoni bila ridhaa, maana huenda ana ndugu alikotoka wanaoweza kudhurika. Na siku ya onyesho alipwe kama msanii mwingine yeyote. Kuambiwa "utajulikana" si malipo.