Kabila katika orodha ya kusubiri matibabu: maana yake

Kutoa kipaumbele kwa kabila katika orodha ya kusubiri ni utaratibu ambao asili ya mgonjwa inahesabiwa miongoni mwa vigezo vya kupanga nani atangulie kupewa tarehe ya upasuaji. Anayelisikia jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mahututi anaambiwa ampishe mtu wa kabila fulani, lakini sivyo: dharura haimo kabisa katika mjadala, unaohusu upasuaji unaoweza kungoja, kama wa ngiri au wa nyonga.

Ubishi ulivuma mwaka 2023 huko Auckland, New Zealand, ambako hospitali za umma zilianza kutumia hesabu yenye vigezo vitano: uhitaji wa kitabibu, muda aliosubiri mgonjwa, mahali anapoishi, umaskini na kabila. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na watu wa Visiwa vya Pasifiki ndio waliosogezwa mbele. Watetezi walisema kwamba Wamaori, ambao kwa wastani huishi takriban miaka saba pungufu ya wenzao, hucheleweshwa tangu kwenye rufaa. Wapinzani walijibu kwamba kinachotibiwa ni ugonjwa, si ukoo.

Kabila hapo linasimama badala ya kitu kingine, nacho ni kucheleweshwa. Huku kwetu kando ya Ziwa kitu hicho kinaonekana bila kumuuliza mtu kama ni Mkara au Msukuma. Mgonjwa wa ngiri kutoka kisiwa cha Ukara huvuka kwanza hadi Ukerewe, hushika barabara ya Nansio, kisha hupanda meli ya kuja Mwanza. Ikichelewa, anaikuta kliniki imefungwa na kadi yake inaandikwa tarehe nyingine. Kwake, kigezo cha umbali kingetosha. Isitoshe, sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu 1967, na ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila na wa pahala mtu alipotoka, kwa hiyo hata hicho cha umbali kingehitaji kuandikwa kwa uangalifu.

Mimi naegemea upande wa kupima umbali na umaskini wenyewe, ingawa kisa kimoja cha Marekani kinanitatiza. Kwa miaka mingi fomula ya kukadiria utendaji wa figo ilikuwa ikiwaongezea Weusi alama kwa sababu ya rangi tu, hivyo figo zilizochoka zikasomeka kuwa na nafuu, na wenyewe wakachelewa kuanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo mpya. Kuanzia Januari 2023 hospitali za upandikizaji zilitakiwa kuwarudishia muda huo. Umbali usingewatambua watu hao, wala kipato. Ilibidi kupekua majalada na kutazama ni nani aliyekuwa ameandikwa Mweusi.