Kabla ya nyimbo za kucheza, tafuteni nyimbo za kutembelea

Maharusi wakinijia kwa mara ya kwanza, karibu wote huja na orodha ya nyimbo kwenye simu. Nyimbo 60, wengine 100. Nikiuliza hizi ni za sehemu gani ya sherehe, jibu ni moja: "Za kucheza, DJ. Tunataka watu wacheze." Orodha naipokea, halafu naomba na ratiba ya kamati, tunakaa kuhesabu.

Hebu tuhesabu na hapa. Kadi imeandikwa saa 12 jioni, maharusi wanaingia ukumbini saa 2 usiku au na nusu yake, na kumbi nyingi ninazofanyia kazi hapa Dar es Salaam zinataka kufungwa saa 6. Ndani ya muda huo kuna sala, utambulisho wa koo mbili, keki, shampeni, chakula, zawadi na neno la shukrani. MC akifika kwenye kufungua muziki, mara nyingi zimebaki dakika 40. Hizo ni nyimbo 10 zikipigwa zote, labda 15 nikizikata. Nyingine zote mlizokesha mkizichagua zitarudi nyumbani kwenye simu.

Kumbe kabla ya dakika 40 hizo muziki umeshafanya kazi saa tatu na zaidi, tena kazi ngumu. Wazazi wa pande zote mbili wameingia. Wapambe wameingia, maharusi wameingia. Keki imesukumwa hadi katikati. Ukumbi mzima umepanga foleni kwenda kugonganisha glasi na maharusi. Wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzake bwana harusi, kina mama wa kikundi cha kukopeshana, majirani, kamati yenyewe, wote wameitwa kwa zamu kupeleka zawadi. Hao wote walikuwa wanatembea huku wanacheza, macho ya watu 300 yakiwa juu yao. Nyimbo za zamu hizo naziita nyimbo za kutembelea, kama tunavyosema fimbo ya kutembelea. Ni kitu cha kuegemezea hatua. Na katika orodha niliyoletewa huwa hamna hata moja.

Tuanze na kuingia, kwa sababu hapo ndipo ukumbi huchangamka au hupoa. Chukua jozi 6 za wapambe. Kila jozi ikipewa sekunde 40 kutoka mlangoni hadi meza kuu, ni dakika 4. Ongeza maharusi, ambao kwa gauni lile na wapiga picha wanaorudi kinyumenyume mbele yao hawawezi kufika chini ya dakika 3. Jumla ni dakika 7. Wimbo wa kisasa wa Bongo Fleva una dakika 3 hivi. Ukichaguliwa mmoja tu, utaisha bibi harusi akiwa bado nje. Nimeona DJ akiurudisha mwanzo mara mbili, na mara ya tatu wageni wameshaketi. Kwa hiyo chagueni mmoja wa wapambe na mwingine wa maharusi, na huo wa maharusi uanze upya, kwa nguvu, mlango unapofunguliwa.

Sikilizeni pia wimbo unavyoanza. Baadhi ya nyimbo tamu zina sekunde 45 za kinanda kabla ngoma haijaingia. Nyumbani ukiwa umeketi ni raha. Mlangoni ni mateso, maana miguu haijui ianze lini. Katika harusi zangu za mwanzo niliuacha mwanzo wa namna hiyo kama ulivyo, na bibi harusi alisimama pale akitabasamu hadi tabasamu likachoka. Tangu siku hiyo naukata mwanzo wa kila wimbo wa kuingia, na nawaita maharusi wausikilize ukiwa umekatwa.

Mwendo nao una kipimo. Hatua ya mtu anayetembea huku akicheza bila kuhema inakaa vizuri kwenye mapigo kama 95 hadi 115 kwa dakika. Zouk inaingia humo, rumba inaingia, amapiano nayo, ambayo hukaa kwenye 112 hivi, inaingia bila shida. Singeli haiingii kabisa. Inapita 200, na mtoto wa mitaa kama Manzese na Tandale anajua ni muziki wa kusimama mahali pamoja na kuuacha mwili ufanye wenyewe. Naipenda singeli kwa dhati, ni muziki wa mji wangu, ndiyo maana naitunza hadi dakika 15 za mwisho, wazee wakishaaga na viti vya mbele vikishasogezwa.

Kwaito naomba niiseme peke yake. Ni muziki uliozaliwa Johannesburg miaka ya 1990, lakini huku kwetu jina la muziki limegeuka jina la mchezo: watu wanapanga mistari, wanapiga hatua zilezile, wanageuka pamoja. Mkisema "tupigie kwaito" hamjaniambia wimbo, mmeniambia mpango wa miguu. Wapambe wamefanyia mazoezi wimbo upi? Nauhitaji huohuo, wa urefu huohuo. Nikileta mwingine, hata uwe mzuri namna gani, mstari utavunjika kwenye kona ya kwanza mbele ya kamera.

Kwa wazazi nina siri moja ambayo haijawahi kuniangusha. Nyimbo za bendi zetu za dansi, za enzi ya NUTA Jazz iliyoanza 1964 na Mlimani Park iliyoanza 1978, zina sehemu mbili. Kwanza ni mashairi, taratibu, gitaa likizungumza na mwimbaji. Baadaye linakuja chemko, gitaa na tarumbeta zinapanda na kila mtu anajua sasa ni kucheza. Mama na baba mtu wakiingia, nawatembeza kwenye mashairi. Nawapimia macho, nakata hapa na pale, ili chemko liwakute wamebakisha hatua tano kufika meza kuu. Nimemwona mzee aliyeingia na mkongojo akiusimamisha kando na kucheza bila kuushika. Hakuna mtu aliyemwomba. Wimbo wa ujana wake ndio ulimwita.

Ngoma za makabila zinatakiwa kuulizwa kwa makini zaidi ya kitu kingine chochote. Mkiniambia "upande wa bwana harusi ni Wachaga" bado sijajua cha kuweka, kwa sababu Machame, Kibosho, Vunjo na Rombo si lugha moja masikioni mwa wenyewe. Vivyo hivyo bugobogobo ni ya Wasukuma, lizombe ni ya Wangoni, sindimba ni ya Wamakonde, na familia ikiitwa kwa ngoma ya jirani itasimama kwa adabu tu. Simu ninayopiga mimi ni ya shangazi. Shangazi mmoja wa kila upande, dakika 10, naye ananiimbia kabisa kwenye simu wimbo anaoutaka. Vijana wenyewe mara nyingi hawaujui.

Taarabu inanifikisha kwenye jambo ninaloliogopa, yaani maneno. Bibi harusi wa Unguja alipoomba taarabu, mama yake alikuwa na maana ya ile ya udi na fidla, ya vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa 1905. Wifi zake walikuwa na maana ya rusha roho. Ni dunia mbili. Rusha roho ina mipasho, na mpasho hupigwa ili umpate mtu. Mwanamke anapoinuka kwenda kutunza, noti mkononi, mwendo wa madaha, ukumbi mzima hujiuliza anamwendea nani na ubeti upi. Miaka kadhaa nyuma niliweka wimbo wa namna hiyo mama wa bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia. Kwangu ulikuwa kibao kizuri cha kuchangamsha akina mama. Kwa koo zile mbili, zilizokuwa zimevutana miezi mitatu juu ya mahari, lilikuwa tusi. Upande mmoja ulipiga vigelegele, upande wa pili ukakaa chini, na hadi chakula kinakwisha haukuinuka tena. Niliwaomba radhi wazazi usiku uleule. Lakini walioumia ni maharusi, na usiku wao haurudiwi.

Kwa hiyo someni ubeti wote, si kiitikio peke yake. Nyimbo nyingi laini tunazoziita za mapenzi ni za kuachwa: ubeti wa pili mtu amesalitiwa, wa tatu anaapa hatapenda tena. Za Kilingala ndizo zinazoponyoka zaidi, kwa kuwa sauti ni tamu na wengi wetu hatushiki maneno. Mtafuteni mtu mmoja anayekijua, nduguye rafiki, jirani kutoka Kongo, awaelezee wimbo wa kukata keki unalia nini.

Kuna familia zisizotaka nyimbo za dunia kabisa, na nazifurahia kazi zake. Walokole wana sebene ya injili inayoinua ukumbi bila tone la pombe. Kwenye walima ambako hawataki ala, dufu na kaswida zinatosha, na kazi yangu inabaki vipaza sauti viwe safi. Kinachoharibu ni kuchanganya kwa kuogopa: kuweka injili wazazi wakiwepo, kisha kubadilisha ghafla wachungaji wakiwa bado wanatafuta funguo za gari. Amueni mapema, mniambie mpaka uko wapi.

Keki ya wakwe ipewe utulivu. Bibi harusi akipiga magoti kumkabidhi mama mkwe, nashusha sauti hadi watu wasikie MC anavyohema. Vigelegele vya akina mama ndio muziki wa dakika ile, na havitaki mshindani. Wakati wa chakula nacho nashusha, watu wa meza moja waweze kuulizana habari za miaka mitano bila kupiga kelele. Matarumbeta yakiwaleta maharusi hadi mlangoni, nayaona kama wajukuu wa beni, ile ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi tangu miaka ya 1890, na mimi nazima kabisa. Muziki wa kwenye spika hauwezi kushindana na shaba, na haupaswi.

Sasa naombaje orodha? Nachukua karatasi, naandika kila tukio la ratiba, na mbele yake maswali matatu: nani anatembea, anatokea wapi hadi wapi, na nani akiusikia wimbo atainuka. Kwa kawaida mistari inafika 14 au 16. Mkishaijaza hiyo, orodha yenu ya kucheza tunaichuja ndani ya nusu saa. Chini naacha nafasi ya nyimbo za mwiko. Huko watu huniandikia vitu ambavyo nisingevijua kamwe: wimbo uliopigwa msibani kwa baba, wimbo wa mchumba wa zamani. Na naomba mwanakamati mmoja tu mwenye ruhusa ya kuja mezani kwangu kubadilisha, kwa sababu wakati wa zawadi huja wajomba sita, kila mmoja na wimbo wake.

Mstari unaosahauliwa kila mara ni wa mwisho, wa kuwatoa maharusi. Nao ni mwendo: kutoka meza kuu hadi gari, viatu mkononi, mpambe amebeba mkia wa gauni. Msiuache utokee wenyewe. Niandikieni wimbo mmoja mrefu wa taratibu, nami nitaushusha kidogokidogo hadi mlango wa gari ufungwe. Ukumbini hubaki kamati wakihesabu viti na akina mama wa jikoni wakifunika masufuria. Hao hawakupata nafasi ya kucheza usiku kucha, kwa hiyo nawawekea Sikinde, yaani Mlimani Park wale wale, wakati nakunja nyaya.