"Si mkigeuze tu HD?"

Nimeulizwa tena, na safari hii kwa ukali: kwa nini vipindi vya utotoni tusivigeuze tu HD, wakati zamani "vilionekana safi kabisa"? Kazi yangu ni kuhamisha kanda za runinga kwenda dijitali, kwa hiyo nitalisema hapa mara moja.

Kilichopigwa kwa filamu ya milimita 35 kina undani ambao TV ya kichogo haikuweza kuuonyesha. Ukikiskani upya, unautoa. Kilichorekodiwa kwenye ukanda wa video hakina. PAL, mfumo mmoja wa runinga wa zamani, ulikuwa na mistari 625, ya picha yenyewe 576, basi. Tamthilia ya Star Trek: The Next Generation ilipigwa kwa filamu ikahaririwa kwenye video, ili itoke kwa HD mwaka 2012 ilibidi warudi kwenye negativu, yaani filamu ya awali kabisa, na kuiunganisha upya shoti kwa shoti. Huko si kugeuza.

Ila kinachonichosha hasa ni mistari. Video ya zamani haikurusha picha nzima 25 kwa sekunde, ilirusha nusu 50: mistari ya witiri, kisha ya shufwa, na kati ya nusu na nusu mtu ameshasogea. Kichogo kilizichora kwa zamu, jicho likaona mwendo laini. Skrini bapa inataka picha nzima, basi programu ya ovyo inazibandika nusu mbili pamoja. Mwigizaji akipunga mkono, ukingo wa mkono unaota meno ya kitana. Programu nyingine inatupa nusu moja kabisa. Meno yameondoka, sawa, na mistari 288 imeondoka nayo, na mwendo sasa unakwamakwama. Kisha mtu anaikuza kwa akili mnemba na kuandika HD. Mmeangalia namba, picha hamkuiangalia!

Kukata picha juu na chini ili ijaze skrini pana, hata sitaki kuanza. Netflix ilipoweka vichekesho vya Seinfeld mwaka 2021, katika kipindi kinachohusu shimo la barabarani, shimo lenyewe lilibaki nje ya fremu.

Na wanaodai kwamba vipindi vilivyopotea vimefichwa stoo: hapana. Kanda zilikuwa ghali, vituo vikarekodi juu yake. BBC ilifuta sehemu nyingi za tamthilia yake ya Doctor Who za miaka ya 1960. Baadhi zimerudi kwa sababu tu nakala za filamu ziliuzwa ng'ambo, zikiwemo sehemu 9 zilizopatikana Jos, Nigeria, na kutangazwa 2013.

Kuna jambo sijalimaliza. Kichogo kilificha chengachenga nyingi za ukanda. Nikizisafisha, narudisha ulichokiona au natengeneza kipya? Kwa kanda moja nasafisha, kwa nyingine naacha, na kanuni sina. Anayefurahia sura zilizolainishwa na mashine simwelewi, lakini siwezi kuapa kwamba amekosea.

Ila usiniletee faili la mtandaoni ambalo nusu ya mistari imeshatupwa. Tafuta kanda.