Si kila dohani inayofuka ni ya meli ya mvuke

Juzi kijana wa mtaani kwetu hapa Kigoma alinikuta barazani, akaniamkia, akasema: "Mzee, nimemaliza meli yangu ya mvuke. Ya rimoti. Kesho naishua, uje uone." Nikaenda. Kazi yake nzuri, sitamnyima haki yake. Mkuku umenyooka, mbavu zimepangwa kwa subira, na omo, yaani sehemu ya mbele, imeandikwa MV Liemba, jina la meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwa herufi nyeupe. Alipoiweka majini dohani ikaanza kutoa wingu jeupe, watoto wakapiga vigelegele. Nikamwomba anifunulie sitaha nione boila. Nikaona betri, mota ya umeme, na kikopo chenye waya wa kupasha mafuta mepesi ili wingu lile litoke. Boila haikuwapo. Mwaka huu ni mara ya tatu naitwa kutazama mvuke, naonyeshwa betri.

Maana yenyewe ni fupi. Chombo cha mvuke, kiwe cha kubeba abiria 600 au cha kubebwa kwapani, ni kile ambacho rafadha yake, ile panga ya majini inayokisukuma, huzungushwa na injini inayosukumwa na mvuke wa maji yaliyochemshwa ndani ya boila. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi karibu mara 1,700 ya ile yaliyokuwa nayo. Ukiyanyima nafasi hiyo husukuma, nasi tunayapa pistoni ya kusukuma. Moto wa chini ya boila unaweza kuwa wa kuni, makaa, mafuta au gesi, jina halibadiliki. Na kinachotoka juu kwenye dohani hakihusiki kabisa.

Lakini simlaumu kijana peke yake, maana Kiswahili chenyewe kimetuchanganyia mambo tangu zamani. Angalia neno mvuke. Ni ndugu wa kufuka na kufukiza, na vinavyofuka kwetu ni vingi: moshi, vumbi, udi na ubani. Ndiyo maana mtu akiona chochote cheupe kinapanda juu, ulimi unamtelezea kwenye mvuke. Dohani nayo ilitoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya moshi. Basi lile bomba jina lake ni la moshi tangu mwanzo, halikuwahi kuahidi mvuke.

Isitoshe, mvuke halisi hauonekani. Chemsha birika usiku huu, lichemke kwa nguvu, halafu tazama mdomo wake. Kati ya mdomo na wingu kuna pengo dogo, kama upana wa kidole, ambapo huoni kitu. Pale ndipo penye mvuke, na usipeleke mkono kuhakikisha. Lile wingu la juu ni matone madogo ya maji, mvuke uliokwisha kupoa. Kwa hiyo anayesema "niliona mvuke ukitoka" aliona mvuke uliokwisha kustaafu.

Sasa njoo kwenye majina ya vyombo vyenyewe. Vyombo vya injini vilipofika pwani yetu tulikuwa na merikebu, neno la Kiarabu, lililotosha kwa kila chombo kikubwa. Tukaongeza tu: merikebu ya moshi. Kisha ikaja meli, nalo ni neno la Kiingereza mail, yaani barua. Kampuni ya British India ilianza kuleta barua Zanzibar kwa mkataba mwaka 1872, na chombo kilichobeba meli kikaitwa meli. Treni tukaiita gari la moshi. Tazama tulivyofanya: moja tumeipa jina la mzigo wake, nyingine la uchafu wake. Kinachosukuma hatukukitaja popote.

Ila mara moja. Stima. Hilo ni steamer, chombo cha mvuke, na wazee wa pwani walilitumia hivyo hivyo: fulani kasafiri kwa stima. Neno moja tu kati ya yote lililotaja nguvu yenyewe, na ndilo lililotutoroka. Leo ukisema stima Nairobi, mtu anawaza taa. Stima imepotea, stima imerudi, tokeni za stima zimeisha. Mkenya akikwambia ana boti ya stima ana haki ya kumaanisha boti ya betri, nawe Mtanzania uliyesoma kamusi ya zamani una haki ya kutafuta boila ndani yake. Mtabishana hadi jua lizame na wote mko sawa. Halafu utani wa mambo ni huu: sehemu kubwa ya stima ya Kenya hutoka Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mvuke wa chini ya ardhi huzungusha mitambo. Kwa hiyo anayewasha taa Nakuru na kuiita stima amesema kweli kuliko anavyojua. (Stimu za vijana, zile za "umenikata stimu", siingii huko.)

Mabaharia wao walilimaliza tatizo kwa herufi mbili. SS mbele ya jina ni chombo cha mvuke, MV ni chombo cha mota. Hapa Kigoma hatuna udhuru wa kutojua, kwa sababu herufi hizo tumeziona zikibadilika mbele ya macho yetu. Liemba ilijengwa na kiwanda cha meli cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku hadi Dar es Salaam, kisha reli ikaileta huku. Ikashuliwa Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nzito, maana walitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, injini zile zile za mvuke. Miaka ya 1970 mvuke ukaondolewa, ikawekwa dizeli. Tangu hapo ni MV. Dohani ilibaki, na moshi ulibaki, maana dizeli nayo hutoa moshi, wala si haba. Kwa aliyesimama gatini akitazama juu hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika kiko chini, kwenye chumba cha mashine, na jina hufuata huko.

Kuna neno jingine linalonikera, na hili nitalipitia haraka. Watu husema meli ya mfano "inaendeshwa kwa rimoti". Rimoti haiendeshi kitu. Rimoti inaongoza. Kwenye boti ya kijana wangu tofauti hiyo haionekani, kwa sababu betri moja inalisha vyote, rafadha na usukani. Kwenye ya mvuke inaonekana wazi. Ndani kuna mota mbili ndogo za umeme zinazopokea amri: moja inageuza usukani, nyingine inafungua au kubana vali inayopitisha mvuke kwenda kwenye injini. Zima rimoti, moto bado unawaka, presha bado ipo, na chombo kinaweza kuendelea zake kuelekea Kongo bila kukuuliza.

Ndiyo maana kuishua ya mvuke si kuiweka majini na kubonyeza. Boila huwa ya shaba, na kabla ya kupelekwa mahali penye watu hujaribiwa kwa maji baridi kwa presha maradufu ya ile itakayotumika. Maji baridi, kwa sababu yakipasua kiungo hutiririka tu; mvuke ukipasua kiungo huunguza watu. Kisha unapima maji, unatia mafuta mazito ya silinda, unawasha moto chombo kikiwa bado nchi kavu. Unangoja. Presha ikifika baa 3 hivi, kidogo juu ya upepo wa tairi la gari dogo, unafungua vali taratibu na kuizungusha rafadha kwa kidole, mbele na nyuma, mpaka silinda ipate joto na iteme maji ya mvuke uliopoa ndani yake. Maji hayakubali kubanwa. Ukilazimisha, kinachokubali ni chuma. Na mafundi makini hupima gesi iwe pungufu ya maji, ili moto uzimike wenyewe kabla boila haijakauka katikati ya ziwa.

Nilimweleza kijana haya yote tukiwa tumekaa juu ya mawe, miguu majini. Alinisikiliza vizuri. Mwisho akauliza kwa unyonge kidogo kama inabidi aondoe kile kikopo cha moshi.

Nikamwambia hapana, mwanangu, kiache. Liemba unayoigiza ilitoa moshi hata baada ya kuwekewa dizeli. Na omo umeandika MV, umeandika sawasawa, yako ina mota. Mkono wako ulikuwa unajua. Ni wewe tu, watoto wakikuuliza, uwasomee kama ulivyoandika.