Anayejivua nguo mbele za watu: maradhi au tabia?

Mtu anayechungulia wanawake wakikoga, au kujisugua kwa abiria ndani ya daladala, ni mgonjwa wa akili?

Mara nyingi siye. Na wagonjwa wa akili walio wengi hawamkeri mtu. Wao ndio hudhulumiwa zaidi. Lakini wapo wachache ambao kitendo kimeletwa na maradhi, na hao tunawapiga kabla daktari hajawaona.

Nitawajuaje?

Tazama mabadiliko. Mzee mstahiwa, hakosi safu ya mbele msikitini, mara anajifunua barazani, anamtolea mkwewe maneno machafu, anamaliza sahani nzima ya halua peke yake, na akikanywa haoni haya. Huenda sehemu ya mbele ya ubongo inanyauka. Maradhi haya mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, na mwanzoni kumbukumbu huwa nzima, ndiyo maana mtaa husema "anajua anachokifanya". Kujua anajua; breki ndiyo imekatika.

Kijana naye akikesha siku kadhaa bila kuchoka, akasema mbio mbio na kugawa pesa ovyo, kisha akavua nguo, hayo yanaweza kuwa maradhi ya akili ya furaha iliyopindukia (mania), na yana dawa. Baadhi ya dawa za maradhi ya kutetemeka (Parkinson) pia huchochea matamanio. Mwambie daktari, usiziache mwenyewe.

Na aliye hivyo tangu ujana?

Huyo anajizuia akitaka, na kwa kawaida sheria humhesabu hivyo. Matamanio yakimganda, ushauri nasaha na pengine dawa humsaidia. Aende kabla hajamdhuru mtu.

Si mashetani?

Dua isomwe, na hospitali aende siku hiyo hiyo. Unguja ipo hospitali ya maradhi ya akili, Kidongo Chekundu. Pemba anzeni hospitali iliyo karibu. Kumfunga kamba uani ni kumuongezea maradhi.

Akiwa mgonjwa, aliyetendewa anyamaze?

Hata kidogo. Muhali, yaani kuoneana haya na kufichiana, umewaumiza wengi visiwani kwetu. Aliyetendewa apelekwe Kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, polisi wajulishwe, na familia ya mtendaji ipeleke vyeti vyake vya hospitali. Kama alikuwa na akili timamu au hakuwa, hilo huamua mahakama, si kikao cha wazee. Na aliyeguswa akiwa mtoto, hapo hakuna kosa dogo: ripoti siku ile ile, hata mtendaji akiwa ami yake.