Je, wajua kwa nini lehemu inaweza kupanda hata kwa anayekula mboga na matunda mabichi tu?

Mtu ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa. Ameacha hata jiko: hapiki kabisa. Chakula chake ni embe, papai, parachichi, nazi, korosho, mchicha uliokatwakatwa na choroko zilizochipua. Baada ya miezi sita anakwenda kupima damu akiwa na uhakika wa majibu mazuri, kumbe lehemu imepanda. Lehemu ndiyo ile wengi tunayoiita kolesteroli. Naye anauliza swali la haki kabisa: imetoka wapi, ikiwa matunda na mboga karibu hazina lehemu yoyote?

Niseme mapema kwamba kwa watu wengi mlo wa namna hii huishusha lehemu, tena haraka. Mwaka 2001 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya watu 10 waliokula mboga, matunda na jamii ya karanga na lozi kwa wiki mbili. Lehemu yao ya LDL, ile tunayoiita lehemu mbaya kwa sababu ndiyo inayoganda kwenye kuta za mishipa, ilishuka kwa theluthi. Kushusha kiasi hicho ni kama kazi ya kidonge cha lehemu.

Lakini si kwa kila mtu. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya watu 201 ambao kwa muda mrefu sehemu kubwa ya chakula chao ilikuwa mbichi. Wengine kati yao walikuwa bado wanagusa vyakula vya wanyama, lakini mimea mibichi ndiyo iliyotawala sahani. Wengi walikuwa na LDL nzuri. Hata hivyo asilimia 14, yaani kama mtu mmoja katika kila saba, LDL yao ilikuwa juu. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie, maana mara nyingi huambiwa wanakula nyama kwa siri, au wao wenyewe hukata tamaa na kuona juhudi zao zimepotea bure.

Mtazame ng'ombe. Maisha yake yote anakula majani mabichi, hajaonja nyama hata siku moja, na bado siagi na nyama yake vina lehemu. Ameitengeneza mwenyewe. Sisi nasi ndivyo tulivyo. Sehemu kubwa ya lehemu iliyo mwilini mwetu hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa mbele, kwa sababu bila lehemu hakuna utando wa seli, hakuna homoni za uzazi, wala hakuna nyongo ya kuyeyushia mafuta ya chakula. Hata jina kolesteroli lina neno la Kigiriki lenye maana ya nyongo ndani yake, kwa kuwa iligunduliwa kwanza kwenye vijiwe vya nyongo.

Kwa hiyo namba iliyo kwenye karatasi ya maabara haisemi umekula lehemu kiasi gani. Inasema kuna kiasi gani kinachozunguka kwenye damu kwa wakati ule, kati ya inayotolewa na ini na inayorudishwa ndani ya ini. Na kurudishwa ndiko kwenye siri. Juu ya seli za ini kuna vipokezi vinavyoikamata LDL ikipita na kuiingiza ndani. Tuviite milango. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliofanya kazi Dallas, Texas, ndio waliovigundua, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Milango ikiwa mingi, LDL inaondoka kwenye damu. Ikipungua, LDL inabaki nje inazunguka, hata kama mwenyewe hajagusa yai mwaka mzima. Swali letu basi linageuka: ni nini katika maisha ya mla vibichi kinachoweza kuipunguza milango hiyo?

Mimi huanza na nazi. Najua kwa watu wa pwani hili si neno jepesi, nazi ni chakula, ni mapishi, ni nyumbani. Lakini asiyepika hawezi kula maharage wala kunde kavu. Maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo vibaya. Wali haupo, ugali haupo. Njaa inabaki palepale, na katika vyakula vibichi kinachoshibisha kweli ni chenye mafuta: parachichi, karanga, korosho na nazi. Mafuta ya parachichi hayana tatizo, na ya karanga na korosho kwa sehemu kubwa hayana. Mafuta ya nazi ni mengine kabisa. Karibu asilimia 90 yake ni mafuta yaliyoshiba, aina ileile inayotawala kwenye siagi, na mafuta haya ndiyo hasa yanayolifanya ini lipunguze milango.

Piga hesabu. Gramu 100 za nazi iliyokomaa, ambazo hata nusu ya nazi moja hazifiki, zina kama gramu 30 za mafuta yaliyoshiba. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, sawa na gramu 22 hivi kwa mtu wa kalori 2,000. Kwa hiyo anayekula nazi kila siku, akaongeza tui kwenye juisi na kijiko cha mafuta ya nazi asubuhi "kwa ajili ya afya", ameupita mpaka kabla ya saa sita mchana. Dafu haliko hivyo: maji yake karibu hayana mafuta, na ile nyama laini ya ndani ina mafuta machache kuliko nazi iliyokomaa. Ni kadiri linavyoelekea kuwa koroma, kisha nazi, ndipo mafuta yanapojaa.

Kuna ushahidi wa watu halisi, tena watu wa visiwani. Ian Prior na wenzake waliwachunguza wakazi wa visiwa viwili vya Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, wakachapisha mwaka 1981. Tokelau walipata asilimia 63 ya nishati yao kwenye nazi, Pukapuka asilimia 34. Lehemu ya watu wa Tokelau ilikuwa juu zaidi kwa miligramu 35 hadi 40 kwa desilita, karibu milimoli 1 kwa lita kwa kipimo kinachotumiwa na maabara zetu nyingi. Haki isemwe pia: maradhi ya mishipa yalikuwa machache visiwa vyote viwili. Walikuwa wakila samaki na kuishi maisha ya visiwani, kwa hiyo hatuwezi kuuhamisha utulivu wao moja kwa moja hadi kwa mtu anayekaa ofisini siku nzima. Lakini kwamba nazi nyingi huipandisha lehemu, hilo halina ubishi.

Sababu ya pili haifikiriwi na wengi, nayo ni tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Homoni yake ndiyo inayoliambia ini liweke milango ya kutosha. Tezi ikilegea, milango inapungua na LDL inapanda. Ni jambo ambalo madaktari hukutana nalo mara kwa mara. Ili tezi ifanye kazi inahitaji iodini, ile inayoitwa madini joto kwenye pakiti za chumvi. Sasa angalia: chumvi ya dukani Afrika Mashariki hutiwa madini joto kwa makusudi, lakini anayehamia kwenye vyakula vibichi mara nyingi huacha chumvi kabisa, au hununua chumvi ya waridi, au ile ya bahari isiyoongezwa kitu, akiamini ndiyo ya asili. Samaki ameshawaacha. Iodini itatoka wapi?

Halafu ziko mboga zenyewe. Kabichi na sukuma wiki zikiwa mbichi zina viambato vinavyoweza kuipinga iodini, na kuzipika huvipunguza. Muhogo mbichi nao umo. Dar es Salaam wachuuzi huuza muhogo mbichi uliomenywa pamoja na vipande vya nazi na karanga, na wapo wanaume wanaoununua kwa imani ya kuongeza nguvu. Sumu kidogo iliyo kwenye muhogo hubadilishwa na mwili kuwa kitu kinachogombania njia ya kuingia kwenye tezi na iodini. Mwenye iodini ya kutosha hadhuriki kwa kipande cha jioni. Asiye nayo, na anayekula hivyo kila siku, ndiye mwenye wasiwasi. Mwani una iodini, lakini kiasi chake hubadilika mno, nayo ikizidi sana inaweza kuivuruga tezi ileile.

Kinachonisumbua hapa ni kwamba dalili za tezi iliyolegea ni uchovu, kusikia baridi, ngozi kukauka na choo kuwa kigumu, na mla vibichi huambiwa na wenzake kuwa huo ni mwili "unatoa sumu", avumilie. Asivumilie. Kipimo cha damu kiitwacho TSH kinatosha kuonyesha kama tezi iko sawa.

Tatu ni kukonda. Anayeanza mlo huu mara nyingi hupungua kilo nyingi kwa muda mfupi, nayo mafuta ya mwilini yamehifadhi lehemu pia. Yakiyeyuka, lehemu hiyo hutoka na kuingia kwenye damu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuata wanawake sita waliopungua kama kilo 30 kila mmoja. Mwanzoni lehemu ilishuka vizuri, kisha kadiri walivyozidi kukonda ikapanda hata kuzidi ilipoanzia, na uzito ulipotulia ikashuka tena. Anayepima katikati ya safari hiyo ataogopa bure. Anayekula kidogo mno, mpaka mwili unajihisi uko kwenye njaa, naye lehemu yaweza kupanda. Imeonekana mara nyingi kwa watu wenye maradhi ya kujinyima chakula.

Wengi huilaumu sukari ya matunda. Sidhani. Katika wale Wajerumani 201 hakuna hata mmoja aliyekuwa na trigliseridi za juu, yaani aina nyingine ya mafuta yanayozunguka kwenye damu, na hizo ndizo sukari ingezigusa kwanza. Ningelaumu zaidi kichujio. Nyuzinyuzi laini za matunda na mboga hushika nyongo utumboni na kutoka nayo, ini likalazimika kutengeneza nyongo mpya kwa lehemu, na ili liipate hufungua milango zaidi. Anayesaga, akachuja na kutupa makapi, ametupa sehemu iliyokuwa ikimsaidia.

Kuna watu ambao chakula hakina hatia kabisa. Karibu mtu mmoja katika kila 250 amezaliwa na kasoro ya kurithi inayoipunguza milango, na LDL yake iko juu tangu utotoni. Ishara ni ndugu wa karibu waliopata maradhi ya moyo mapema, mwanamume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65, na wakati mwingine uvimbe mgumu kwenye kano ya kisigino. Kinyume chake pia kipo. Mwaka 2006 watafiti wa Dallas walionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowachunguza walikuwa na badiliko la jeni linaloiacha milango ikae muda mrefu bila kuharibiwa. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa chini kwa asilimia 88. Watu wawili wanaweza kula sahani moja maisha yao yote na karatasi zao zisifanane hata kidogo.

Ujauzito huipandisha lehemu, kukoma hedhi vilevile, pia maradhi ya figo yanayopoteza protini kwenye mkojo na baadhi ya dawa, kama prednisolone na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Na wakati mwingine haikupanda kitu. Malaria na homa nyingine kali huishusha lehemu kwa muda. Kama kipimo cha kwanza kilichukuliwa ukiwa umelazwa na malaria, na cha pili ukiwa mzima, utaona imepanda wakati imerudi tu mahali pake.

Kwa hiyo ningemwambia ndugu yetu wa mwanzo asirudi kwenye nyama kwa hasira. Apunguze nazi, asichuje makapi ya juisi yake, arudishe chumvi kidogo yenye madini joto, asubiri uzito utulie miezi miwili mitatu, kisha apime tena pamoja na TSH. Aulize nyumbani nani alikufa kwa moyo na akiwa na umri gani. Na kwa kuwa mimea haitoi vitamini B12 ya kutegemewa, atumie vidonge vyake. Kati ya wale Wajerumani asilimia 38 walikuwa nayo pungufu, na upungufu huo hupandisha homosisteini, kemikali iliyo kwenye damu, ambayo nayo huambatana na maradhi ya moyo.

Ikiwa ni ile ya kurithi, atahitaji dawa ya statini, ambayo hulifanya ini lifungue milango zaidi, na hapo ndipo wala vibichi wengi hukataa wakisema hawataki vitu vya kiwandani. Ningependa wajue ilikotoka. Miaka ya 1970, Mjapani Akira Endo alichunguza zaidi ya aina 6,000 za vijidudu akitafuta kitu cha kuizuia lehemu isitengenezwe, na statini ya kwanza akaipata kwenye ukungu wa buluu-kijani uliokuwa umeota juu ya mchele.